Kabla ya Vigae, Boriti

Fundi anayezijua nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar akiitwa kutengeneza bafu la ghorofa ya pili, huomba kwanza aingizwe ghorofa ya kwanza. Husimama chini ya bafu lile lile, akainua uso, akaisoma dari. Hutazama wapi chokaa imeingia doa la kahawia, wapi chumvi imechomoza ukutani, boriti ipi imebonyea kuliko wenzake, na kichwa cha boriti ipi kimeanza kuachana na ukuta. Juu mwenye nyumba anamngoja, na mara nyingi maboksi ya vigae yamekwishapandishwa ngazi. "Fundi, vigae nishanunua, bado kubandika tu." Fundi mwenye haya atajikaza na kujibu: "Bi mkubwa, viweke kwanza. Tuangalie vinakalia nini."

Jibu hilo humpotezea fundi kazi, kwa sababu yuko mwingine mtaa wa pili atakayekubali kubandika siku hiyo hiyo. Kwa hiyo naandika makala haya kumtetea yule wa kwanza. Fedha ya bafu la ghorofani iingie chini ya vigae kwanza, na kitakachobaki ndicho kinunue vigae.

Sakafu ya nyumba ya mawe ya pwani imebebwa na miti, ingawa ukiikanyaga utadhani ni jiwe tupu. Boriti za mikoko, za mkoko wenyewe au za mkandaa, hulazwa karibukaribu kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake hupangwa vipande bapa vya mawe ya matumbawe, halafu hujazwa kokoto, udongo mwekundu na chokaa, na mwisho huja tabaka ya chokaa inayopigwapigwa kwa vibao mpaka ishikane. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Mti wa mkoko ulionyooka hauvuki zaidi ya mita 2.5 hadi 3, ndiyo maana vyumba vya kale vya Zanzibar, Lamu na Mombasa ni virefu na vyembamba. Wauzaji wa Lamu waliipanga miti hiyo kwa unene, na kila daraja likawa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yaliibeba hadi Ghuba, na nyumba za kale za Kuwait, Bahrain na Oman zikaezekwa kwa miti iliyotoka Lamu na delta ya Rufiji.

Sakafu hiyo ni nzito. Mita moja ya mraba yenye unene wa sentimita 25 ina uzito unaozidi kilo 400, kabla hajasimama mtu wala kuwekwa kabati. Boriti huubeba mzigo huo kwa miaka mia na zaidi zikiwa kavu. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji maji: mbao yenye unyevu wa chini ya asilimia 20 hawaiwezi, na ikipanda hadi karibu asilimia 30 na kubaki hapo wanafanya kazi usiku na mchana. Mchwa nao hupenda njia yenye unyevu. Mti wa mkoko ni mgumu na unawashinda wadudu wengi, lakini hakuna ugumu unaoushinda unyevu usioondoka.

Wajenzi wa zamani walilijua hilo, na walilikabili kwa kupima maji na kuyapa mahali pake. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, choo kiliwekwa pembeni kabisa mwa nyumba, na shimo lake likateremka moja kwa moja hadi ardhini. Maji ya kuogea yalikaa kwenye birika la chokaa, mtu akayachota kwa kata. Ndani ya birika walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini yake likapachikwa bakuli la kauri ili samaki wabakiwe na maji birika likikaukiwa. Mtu aliyeoga kwa kata alimwaga maji kidogo, na sakafu ya chokaa ikapata nafasi ya kukauka kabla hajaja mwingine.

Palipotakiwa mvuke na maji mengi, mti uliachwa kabisa. Sultan Seyyid Said alipomjengea mkewe wa Kiajemi hamamu ya Kidichi mwaka 1850, majengo yaliwekwa juu ya ardhi na kuezekwa kwa kuba za mawe na chokaa. Hamamu za Hamamni, zilizojengwa mjini kwa amri ya Sultan Barghash, nazo ziko chini. Aliyejenga Kidichi alikuwa na uwezo wa kuagiza boriti kiasi chochote alichotaka, lakini alijua mvuke utazifanya nini.

Mambo yalianza kubadilika Barghash huyo huyo alipoleta maji ya mfereji mjini kutoka chemchemi za nje. Watu walipata maji safi, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mji uliokuwa ukiteswa na kipindupindu. Lakini bomba lililopanda ghorofani lilikuwa na tabia tofauti na ndoo. Ndoo ikimwagika unaiona. Bomba linalovuja ndani ya ukuta wa matumbawe linaweza kutonesha mwaka mzima na ukuta ukanywa tone baada ya tone. Mtu anayeoga kwa ndoo hutumia lita 15 au 20, na bomba la mvua hutoa lita nane hadi kumi kwa dakika moja. Kisha likaja tangi la plastiki la juu ya paa. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja ya maji, na limewekwa juu ya miti ile ile.

Pigo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, limetokana na jinsi tunavyoishi ndani ya nyumba hizi. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja ilikuwa na choo mahali pamoja, pengine viwili vilivyopandana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi ziliingia mikononi mwa serikali zikagawanywa kwa familia kadhaa, na kila ghorofa ikahitaji choo chake, jiko lake na mahali pa kufulia. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, kwa kuwa watu walihitaji makazi. Miongo iliyofuata ikaleta hoteli, na mgeni wa hoteli anataka bafu lake chumbani. Nyumba yenye vyumba kumi ikapata mabafu kumi, mengine katikati kabisa ya sakafu, pale boriti zinapobonyea zaidi na mbali na kila njia ya asili ya maji. Ninapoona bafu la namna hiyo, na kioo chake na vigae vyake vyeupe hadi darini, huwa namfikiria anayelala chini yake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu inafanyika na inafanyika vizuri mtu akiamua.

Kazi huanza kwa kufunga maji. Si kwa siku moja, bali kwa muda wote ambao sakafu itakuwa wazi. Baada ya hapo chumba cha chini hupigwa mirunda: boriti moja hulazwa kukatiza zile za darini, ikashikiliwa na nguzo zilizokitwa juu ya mbao pana ili zisitoboe sakafu ya chini. Kama ghorofa ya chini nayo ina boriti, mirunda iendelee hadi ardhini. Fundi anayebomoa sakafu bila kuishikilia anaamini bahati. Uzito wa kifusi kilicholowa na kurundikwa upande mmoja umetosha kuangusha sakafu iliyokuwa na mwaka mmoja au miwili ya kuishi.

Uchunguzi ufanywe kwa nyundo na bisibisi. Boriti nzima ikigongwa hulia kwa sauti kavu, na iliyooza hutoa sauti butu. Bisibisi ikizama sentimita moja au mbili bila kusukumwa kwa nguvu, hapo mti umekwisha. Mahali pa kuchunguza kwa bidii kuliko kote ni vichwa vya boriti, yaani zile sentimita chache zilizoingia ukutani. Katikati ya boriti hupata hewa kutoka chumba cha chini, na hata ikilowa hukauka. Kichwa kimefunikwa pande zote na ukuta, na ukuta wenye bomba linalovuja hauachi kukipa maji. Nimeona boriti safi ya kupendeza katikati, ambayo kichwani ulibaki unga wa kahawia unaochoteka kwa vidole. Ukiitazama kutoka chini huwezi kujua. Kwa hiyo plasta ya ukutani iondolewe kuzunguka vichwa hivyo, hata kama mwenye nyumba analalamika kwamba ukuta ulikuwa mzuri.

Saruji ndiyo imetuharibia zaidi mahali hapo. Chokaa ni laini na inapumua: maji yaliyoingia hupata njia ya kutoka yakiwa mvuke. Plasta ya saruji ni ngumu na nzito kupitisha mvuke, kwa hiyo unyevu ulionaswa nyuma yake hutafuta kwingine, na kwingine penyewe ni kwenye kichwa cha boriti. Wengi hupaka saruji wakitaka kuzuia maji, halafu saruji inayafungia maji ndani. Kama plasta ya bafu la zamani ni ya saruji na ukuta nyuma yake ni wa matumbawe, ingolewe.

Baada ya kufungua, subira inahitajika. Ukuta wa mawe wenye unene wa nusu mita haukauki kwa wiki moja, na kulaza boriti mpya ndani ya tundu lenye maji ni kuzika fedha. Madirisha yaachwe wazi, matundu ya vichwa yaachwe wazi, na kazi ipangwe miezi ya kiangazi badala ya masika. Hapa ndipo wenye nyumba wengi hushindwa, kwa kuwa familia inahitaji mahali pa kuoga. Lakini mtu akijua mapema, anaweza kupanga na jirani au kuhamishia bafu la muda uani.

Boriti iliyooza kichwa tu si lazima itupwe. Inaweza kufupishwa hadi penye mti mzima na kubebwa na mhimili wa mbao ngumu uliolazwa sambamba na ukuta, juu ya vishikizo vilivyopachikwa ukutani. Au iwekewe boriti mpya ubavuni, bila kuiondoa ya zamani. Iliyolika urefu wote ibadilishwe, na itakayochukua nafasi yake iwe imekauka vizuri. Si rahisi kuipata. Mikoko ni misitu ya hifadhi Tanzania na Kenya pia, na ukataji unahitaji kibali, jambo ambalo naliunga mkono kwa moyo wote maana pwani isiyo na mikoko hupungukiwa na samaki. Hilo ni sababu nyingine ya kuokoa kila kipande kilicho hai. Kichwa cha boriti mpya kipakwe dawa ya mbao, kiachiwe nafasi ndogo ya hewa pembeni, na kijengewe kwa chokaa.

Baada ya miti huja ujazo, na hapa uzito urudi akilini. Mafundi wengi humwaga tabaka ya saruji na mchanga juu ya sakafu ya zamani bila kuondoa chochote. Sentimita tano za saruji zinaongeza kilo 100 hivi kwa kila mita ya mraba. Bafu la mita mbili kwa moja na nusu linapata kilo 300 za ziada, na ikija tabaka nyingine baada ya miaka kumi, kama ilivyo desturi, boriti zinabeba mabafu mawili ambayo hakuna anayeyatumia. Ondoa ujazo wa zamani uliolowa, rudisha mwepesi kuliko ulioutoa, na usipandishe kimo cha sakafu.

Uzito una mwenzake, nao ni mtikisiko. Ndugu zetu wanaoishi Uingereza au Marekani katika nyumba zilizojengwa kwa mbao wanalijua hilo, maana huko kila bafu la ghorofani limekaa juu ya mihimili ya mbao na plaiwudi. Kanuni inayotumika sana Marekani inataka sakafu itakayobandikwa vigae vya kauri isipinde zaidi ya sehemu moja ya 360 ya urefu wake, na ikiwa ni mawe ya asili, sehemu moja ya 720. Kwa boriti ya mita 2.7 hiyo ni milimita 7.5 kwa kauri, na chini ya milimita nne kwa mawe. Plaiwudi hupangwa kwa kuachiana nafasi ndogo kwa sababu mbao hutanuka na kunywea, kisha hufunikwa kwa ubao wa saruji, na ubao huo peke yake hauzuii maji. Mihimili nayo haichongwi ovyo kupitisha bomba: tundu lisizidi theluthi moja ya kimo chake, na theluthi ya katikati ya urefu haitiwi pengo hata dogo.

Boriti zetu ni za duara, hazilingani na hupinda zaidi ya hapo. Kwa hiyo kigae kikubwa cha sentimita 60 kilichobandikwa kwa saruji kavu juu yake kina nafasi ndogo sana ya kudumu. Hakitavunjika siku ya kwanza. Utaanza ufa mwembamba kwenye viungo, usioonekana bila tochi, na kila anayeoga atapitisha kijiko kimoja cha maji. Katika nyumba za boriti napendelea vigae vidogo, gundi inayonyumbuka na viungo vingi. Na pale mwenye nyumba anapokubali, beseni jepesi la kuogea lililoundwa kipande kimoja ni bora kuliko vigae vyote, maana linakusanya maji kabla hayajagusa sakafu. Boriti isikatwe kamwe kupitisha bomba. Bomba lipite kati ya boriti na boriti, au nje ya ukuta, hata kama macho hayapendi.

Kizuia maji ndicho sakafu halisi ya bafu, na vigae ni vazi lake. Kipakwe au kilazwe sakafu nzima, kipande ukutani sentimita 15 kwa uchache, na mahali pa kuogea kifike juu ya kichwa cha mtu. Pembe ambapo sakafu inakutana na ukuta iwekewe utepe unaonyumbuka, kwa kuwa ndipo vitu viwili vinavyotikisika tofauti vinapokutana. Mteremko kuelekea tundu la maji uwe sentimita mbili kwa kila mita, upimwe kwa pimamaji, na uanzie chini ya kizuia maji, si kwa kuchezacheza na gundi chini ya vigae.

Kisha tundu lizibwe, maji yajazwe, alama iwekwe kwenye kimo chake, na yaachwe saa 24. Sentimita mbili zinatosha. Sentimita tano ni kilo 50 kwa mita ya mraba, na hakuna haja ya kuijaribu boriti kwa mzigo huo. Kesho yake alama itazamwe juu na dari itazamwe chini. Jaribio hili halina gharama kubwa, lakini ndilo linaloachwa mara nyingi kuliko yote, eti fundi wa vigae ameshafika na analipwa kwa siku.

Wapo wanaosema suluhisho ni moja: ng'oa boriti zote za bafu, mwaga zege na nondo, yaishe. Ninawaelewa, hasa wale waliolala chini ya dari inayodondosha. Lakini zege ni zito, ni gumu, na linakalia kuta za matumbawe zilizojengwa kwa chokaa, ambazo zimezoea kutikisika pamoja na miti. Hewa ya bahari na chumvi iliyomo ndani ya mawe yenyewe huila nondo, nondo inayopata kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Sakafu ya boriti inayokufa hutoa ishara miaka kadhaa kabla, na unaweza kubadilisha mti mmoja mmoja. Kuna nyumba ambazo mhandisi ataamua vinginevyo, na aamue akiwa ameuona ukuta. Mabadiliko kama hayo yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, na mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000. Wengi wanakiona kibali kama usumbufu. Mimi nakiona kama nafasi ya mtu wa pili kuangalia mizigo kabla kuta hazijaanza kuibeba.

Linabaki suala la nani alipe, na hapo ndipo kazi nyingi hukwama. Nyumba ikiwa ya serikali au ya wakfu, mpangaji wa juu anasema sakafu si yake, wa chini anasema maji si yake, na mwenye mali anatazama kodi anayopokea na kuona haifiki hata bei ya boriti tano. Sakafu ya mmoja na dari ya mwenzake ni kitu kimoja: huwezi kutengeneza sakafu ya juu bila dari ya chini. Kwa hiyo mapatano yaandikwe kabla ya nyundo ya kwanza: mwenye mali alipie miti, ukuta na kizuia maji, mpangaji wa juu alipie vigae na vyombo vyake, na wa chini asitozwe kitu. Huyu wa mwisho atakaa na mirunda katikati ya chumba chake kwa wiki kadhaa, vumbi la chokaa likimdondokea kitandani. Ana haki ya kuambiwa mapema, akae mezani na wenzake siku ya kupanga, na aandikiwe tarehe ambayo mirunda itaondolewa.